Mwalimu Nyerere na meza ya Burundi: Safari ya serikali ya mpito kutoka Mwanza hadi Arusha

Na Mwandishi Wetu, Lagangabilili

Msafiri anayetoka Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, akipita Bariadi na kushika barabara ya lami ya kwenda Lamadi, hufika kwenye njia panda inayokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Akikata kushoto huelekea Magu na Jiji la Mwanza. Akikata kulia huelekea Bunda, na mbele zaidi Butiama. Pande hizo mbili zinabeba mwanzo na mwisho wa maisha ya Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Butiama ndiko alikozaliwa na ndiko alikozikwa. Mwanza ndiko alikoianza, mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 74, kazi kubwa ya mwisho ya maisha yake: kuwaketisha viongozi wa Burundi waliokuwa wakiuana, ili wakubaliane juu ya serikali ya mpito.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alikulia katika boma ambamo mashauri ya watu yalisikilizwa kwa muda mrefu kabla ya uamuzi kutolewa. Jambo hilo si geni kwa wenyeji wa Usukuma, ambako mtemi hakutawala peke yake. Nyuma yake walikuwapo banamhala, wazee walioshiriki kumweka na ambao angeweza kuwapuuza kwa hasara yake mwenyewe. Pengine ndiyo sababu mazungumzo marefu hayakumchosha mtu huyu kama yalivyowachosha wanadiplomasia wengi waliofanya naye kazi baadaye.

Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Shule ya Serikali Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1952 akahitimu Shahada ya Uzamili katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alifundisha Tabora na Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa yeye akiwa Rais wake, na mwaka uliofuata aliacha ualimu ili aitumikie siasa.

Usukumani chama hicho kilikutana na ukuta. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU kufanya kazi katika eneo hili, likiwamo eneo la Itilima ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa. Kizuizi hicho kilidumu hadi mwishoni mwa mwaka 1958, mwaka ambao wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya walilolazimishwa kulipokea. Mwaka huohuo Mwalimu alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa kikoloni katika maandishi yake. Mahakama ilimpa nafasi ya kuchagua kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Wapo waliotaka aende gerezani awe shahidi wa taifa, lakini yeye aliona uhuru ungefika upesi zaidi akiwa nje, mezani, kuliko akiwa ndani.

Meza hiyo ilizaa matunda haraka. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Mwalimu akawa Waziri Kiongozi mwezi Septemba. Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, na siku chache zilitosha kupanga ratiba. Serikali ya madaraka ya ndani ilianza tarehe 1 Mei 1961 naye akiwa Waziri Mkuu, na uhuru ukafika tarehe 9 Desemba. Tanganyika ilivuka kutoka utawala mmoja kwenda mwingine bila vita. Nchi nyingi za jirani hazikupata bahati hiyo, na Mwalimu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akishughulika na matokeo yake.

Funzo lililo chungu zaidi lilitoka Uganda. Majeshi ya Tanzania yalipokuwa yakisonga mbele dhidi ya Idi Amin, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana mjini Moshi kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi 1979. Katika siku tatu hizo viliunda chombo kimoja cha umoja na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na Lule akaapishwa siku mbili baadaye. Serikali yake ilidumu siku 68. Aliyemfuata, Godfrey Binaisa, aliondolewa na Tume ya Kijeshi Mei 1980, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulifuatiwa na vita vipya vya msituni Februari 1981. Vikundi vilivyokutana Moshi vilikuwa vimepatana juu ya nani aondoke. Juu ya namna ya kutawala pamoja baada ya hapo vilikuwa vimezungumza kidogo mno. Anayelinganisha Moshi na Arusha ya miaka ishirini baadaye hawezi kukosa kuona jinsi Mwalimu alivyokataa kuharakishwa mara ya pili.

Mwalimu aling'atuka urais tarehe 5 Novemba 1985, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi. Alirudi Butiama kulima.

Burundi ilimwita kutoka shambani. Juni 1993 nchi hiyo ilifanya uchaguzi wa vyama vingi, na Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU akawa Rais wa kwanza aliyechaguliwa kidemokrasia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi walimuua. Mauaji ya kulipizana kati ya Wahutu na Watutsi yalienea mikoani, na wakimbizi wakamiminika mpakani. Mrithi wake, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege iliyotunguliwa Kigali, akiwa pamoja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, wote wawili wakitoka katika mkutano Dar es Salaam. Septemba 1994 vyama vya Burundi vilitia saini mapatano ya kugawana madaraka, FRODEBU na washirika wake wakipewa asilimia 55 na UPRONA na washirika wake asilimia 45. Mapatano hayo yalikuwapo kwenye karatasi tu. Jeshi halikuguswa, na nje ya mji mkuu vita viliendelea.

Kwa Tanzania suala hili halikuwa la mbali. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walikuwa bado wanaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Sasa kambi mpya zilifunguliwa Kigoma na Ngara, na ifikapo mwaka 1999 zilikuwa na Warundi zaidi ya 300,000. Kila kijiji kilichochomwa Burundi kilimaanisha kuni, maji na chakula zaidi kutafutwa magharibi mwa Tanzania.

Mwalimu alikubali jukumu la usuluhishi mapema mwaka 1996. Aprili na Juni aliwakutanisha FRODEBU na UPRONA mjini Mwanza. Mazungumzo hayo hayakufika popote. Kila upande ulitaka kwanza upande mwingine ulaaniwe, na makundi yenye silaha hayakuwapo ukumbini. Mwishoni mwa Juni viongozi wa ukanda walikutana Arusha, na serikali ya Rais Sylvestre Ntibantunganya ikaomba msaada wa ulinzi kutoka nchi jirani. Ombi hilo liliwatia hofu wanajeshi wa Burundi. Tarehe 20 Julai zaidi ya watu 300, Watutsi waliokuwa wamekimbia makazi yao, waliuawa Bugendana. Rais alipokwenda kwenye mazishi alipigwa mawe, akakimbilia makazi ya Balozi wa Marekani. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilimrejesha madarakani Meja Pierre Buyoya.

Siku sita baadaye nchi za ukanda ziliamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Mwalimu aliunga mkono uamuzi huo waziwazi. Masharti yalikuwa matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo na makundi yote yaanze bila masharti. Vikwazo viliumiza. Bei za mafuta na mbolea zilipanda Bujumbura, na wananchi wa kawaida walibeba mzigo kuliko watawala. Serikali ya Buyoya ilimshutumu Mwalimu kwa upendeleo, ikataka msuluhishi mwingine na mahali pengine pa kukutania, na Agosti 1997 ikakataa kwenda Arusha. Kwa haki, ni lazima ikubaliwe kwamba shutuma hizo zilisikika hata miongoni mwa watu waliomheshimu. Msuluhishi anayeunga mkono vikwazo dhidi ya upande mmoja hawezi kutarajia upande huo umwone kuwa mwamuzi asiye na timu.

Hata hivyo vikwazo vilifanya kazi iliyokusudiwa. Bunge lilirudishwa, vyama vikaruhusiwa, na Juni 1998 Buyoya aliingia makubaliano ya ndani na Bunge hilo. Tarehe 15 Juni 1998 ujumbe wa makundi 17 uliketi katika ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa AICC, Arusha. Baadaye makundi yalifika 19. Taasisi ya Mwalimu Nyerere ilisimamia shughuli, na Jaji Mark Bomani, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alikuwa msaidizi mkuu wa Mwalimu katika vikao.

Ni katika upangaji wa kazi ndipo ustadi wa Mwalimu ulipoonekana. Hakuanza na swali la nani awe rais wa mpito, swali ambalo lingevunja kikao siku ya kwanza. Kazi iligawanywa katika kamati. Ya kwanza, chini ya Armando Guebuza wa Msumbiji, ilijadili asili ya mgogoro, na ililazimika kusikiliza historia ya Burundi ikisimuliwa kwa namna mbili zinazopingana. Ya pili, chini ya Nicholas Haysom wa Afrika Kusini, ilijadili demokrasia na utawala bora. Ya tatu, chini ya Padre Matteo Zuppi wa Italia, ilishika amani na usalama, yaani jeshi, fundo gumu kuliko yote. Ya nne, chini ya Georg Lennkh wa Austria, ilijadili ujenzi mpya wa nchi na wakimbizi. Kamati ya dhamana za utekelezaji iliundwa baadaye. Wajumbe walikutana, wakaachana kwa wiki kadhaa, wakarudi. Wafadhili walilalamika kwamba fedha zinaisha na wajumbe wanaishi hotelini. Mwalimu aliwakaripia wajumbe hao mara kwa mara, lakini aliwaacha waseme hadi wamalize.

Kosa moja liliufuata mchakato huo hadi mwisho. Katikati ya mwaka 1998 kundi la CNDD lilipasuka, na tawi lake lenye wapiganaji wengi, CNDD-FDD, halikupewa kiti chake Arusha. Mwalimu alihofia kwamba kila atakayepasuka atadai kiti, na msururu hautaisha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini gharama yake ilikuwa kubwa: walioshika bunduki nyingi zaidi hawakuwa sehemu ya mapatano, na vita viliendelea huku karatasi zikiandikwa.

Vikwazo viliondolewa Januari 1999. Rasimu za kamati zilikuwa zimeanza kukomaa wakati afya ya Mwalimu ilipozorota kwa saratani ya damu. Septemba alilazwa Hospitali ya St Thomas, London. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama tarehe 23 Oktoba.

Mezani Arusha kiti kilibaki wazi hadi Desemba, viongozi wa ukanda walipomteua Mzee Nelson Mandela. Alifika na mwendo mwingine kabisa, wa kasi na wa shinikizo la dunia, lakini alifanyia kazi rasimu alizozikuta. Mkataba wa Amani na Maridhiano ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya Rais Bill Clinton wa Marekani. Baadhi ya vyama vilivyosita vilisaini Nairobi mwezi uliofuata. Swali la nani aongoze mpito, lile ambalo Mwalimu aliliweka nyuma, lilikuwa bado halijajibiwa hata siku hiyo ya sherehe. Jibu lilipatikana Julai 2001: mpito wa miezi 36 ukatwe vipande viwili vya miezi 18, Buyoya aongoze cha kwanza akiwa na makamu kutoka FRODEBU, kisha aondoke.

Serikali ya mpito ilianza kazi tarehe 1 Novemba 2001. Wengi hawakuamini kwamba mwanajeshi aliyetwaa madaraka mara mbili angeyaachia kwa kufuata kalenda. Tarehe 30 Aprili 2003 Buyoya alimkabidhi nchi Domitien Ndayizeye. Mwishoni mwa mwaka huo CNDD-FDD nao waliingia katika mapatano ya kugawana madaraka. Katiba mpya iligawa nafasi za Serikali na Bunge kwa uwiano wa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na katika jeshi hakuna kabila lililoruhusiwa kuzidi nusu. Tarehe 26 Agosti 2005 Pierre Nkurunziza aliapishwa kuwa Rais kwa kura, baada ya vita vilivyokadiriwa kuua watu 300,000. Wakati huo malori ya wakimbizi wanaorejea makwao yalikuwa tayari yakivuka mpaka kutoka Kigoma na Ngara, yakiwa yamebeba magodoro, mabati, na watoto waliozaliwa Tanzania ambao hawakuwa wameiona Burundi.