Mtu Aliyegeuka Kombe

Sisi tunaochunguza lugha twajua jinsi jina linavyoweza kummeza mwenyewe. Nitajapo Kombe la Thomas mbele ya wanafunzi wapendao badmintoni, ule mpira wa vinyoya, hunitajia Indonesia na China. Hakuna aulizaye Thomas alikuwa nani.

Sir George Thomas, Mwingereza, alizaliwa karibu na Istanbul mwaka 1881. Sataranji ilikuwa ya nyumbani: mamaye alishinda mashindano ya wanawake ya Hastings mwaka 1895, naye mwenyewe akawa bingwa wa Uingereza mara mbili, 1923 na 1934. Katika vinyoya, kati ya 1903 na 1928, alitwaa mataji 21 ya All England, manne kati yake akicheza peke yake, mfululizo, tangu 1920. Sijui ni wangapi waliowahi kuyamudu yote mawili hivyo.

Mwaka 1934 akawa rais wa kwanza wa shirikisho la kimataifa. Mwaka 1939 akatoa kombe la timu za mataifa. Vita vikalichelewesha. Hatimaye kanda za Ulaya, Amerika na Pasifiki zikatoa mabingwa wao, wakakutana Uingereza mwaka 1949. Malaya, ingali chini ya Waingereza hao hao, ikaicharaza Denmark 8-1 mjini Preston.

Wenyeji je? Hadi mashindano ya 2024, Uingereza haikuwa imelinyakua kombe hilo hata mara moja. Thomas aliendelea kuliongoza shirikisho hadi 1955, Malaya ikishinda tena na tena. Alifariki mwaka 1972, hana mke wala mtoto, na cheo alichorithi kwa babaye kikakoma naye.