Duchenne na Siri ya Bega

Askari anapoinua mkono wake juu ya kichwa hudhani kwamba kazi yote hufanywa na ule msuli mnene ulio chini tu ya kitambaa cha cheo. Mtu aliyethibitisha kwamba sivyo alikuwa tabibu wa Kifaransa, Guillaume Duchenne.

Alizaliwa mwaka 1806 mjini Boulogne, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, katika ukoo wa mabaharia. Yeye alichagua udaktari, akahitimu Paris mwaka 1831, akarudi kwao kutibu watu. Haukupita muda mrefu mkewe akafariki kwa homa ya uzazi. Kwa kuwa Duchenne mwenyewe ndiye aliyemzalisha, wakwe walimtupia lawama, na mtoto akachukuliwa kulelewa na bibi yake. Baba na mwana wakatengana kwa miaka mingi.

Mwaka 1842 alihamia Paris akiwa na mashine yake ya umeme. Hakuwa na cheo wala wadi. Alizunguka hospitali za watu, Salpêtrière ikiwamo, akiomba ruhusa ya kuwapima wagonjwa waliopooza. Wakubwa wengine walimcheka.

Kabla yake, waganga walichoma sindano mwilini ili kuufikisha umeme kwenye msuli. Duchenne alitambua kwamba elektrodi mbili zenye unyevu, zikibanwa juu ya ngozi, huamsha msuli ulio chini yake bila jeraha. Basi kazi yote ikawa kujua mahali pa kuziweka, kwani zikisogezwa kidogo tu, huitika msuli wa jirani.

Hapo ndipo bega lilipotoa siri yake. Alipouamsha peke yake ule msuli mnene, mkono ulipanda hadi usawa wa bega ukakomea hapo, na ukingo wa kombe la bega ukabenuka mgongoni mfano wa bawa. Kumbe upo msuli mwingine, umejificha ubavuni, unaolishika kombe na kulizungusha ili mkono upate kufika juu. Haya aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1867 juu ya mwendo wa mwili. Madaktari wa majeshi wanalifahamu bawa hilo: kamba za shanta nzito zaweza kuidhuru neva ya msuli huo.

Duchenne alipeleka umeme ndani. Mjerumani Emil du Bois-Reymond, aliyeishi zama hizo hizo, alionyesha kwamba msuli unaokaza hutoa umeme wake wenyewe. Wapimaji wa leo huusikiliza umeme huo: husafisha ngozi, kisha hubandika elektrodi mbili katikati ya msuli, kwa kufuata nyuzi zake, kati yake pakiwa na sentimeta 2 hivi. Wakikosea mahali, husoma habari za jirani, kosa lile lile alilolikimbia Duchenne.

Mwanawe alimrudia uzeeni, naye akiwa daktari. Walifanya kazi pamoja kwa muda, kisha homa ya matumbo ikamwua kijana. Baba alifariki mwaka 1875, bila ya kupata wadhifa wowote katika hospitali alizozizunguka zaidi ya miaka 30.