Tom Simpson: Bingwa aliyekufa kwa kukataa kupumzika juani

Kila Januari, michuano ya tenisi ya Australia inapochezwa mjini Melbourne katikati ya kiangazi cha huko, mashabiki huona jambo lile lile. Mchezaji aliyekuwa akiongoza anaanza kuyumba, anashika kiuno, anaita daktari, kisha anakwenda kumpa mkono mpinzani na mwamuzi. Mechi imeisha kabla ya wakati wake. Jukwaani wapo wanaompigia makofi, na wapo wanaoguna kwamba ni mwoga, mbona hakumalizia?

Kabla hujaguna, msomaji wangu, fuatana nami katika maisha ya mwanamichezo mmoja ambaye siku yake ya joto ilipofika hakujitoa. Hakuwa mcheza tenisi, alikuwa mwendesha baiskeli. Lakini joto halichagui mchezo, na yaliyompata yanawahusu wagonjwa na wazazi kuliko wanavyodhani.

Mtoto wa mchimba makaa

Tom Simpson alizaliwa Novemba 30, 1937, katika kijiji cha Haswell, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe na Tom alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Alikulia Harworth, mji mwingine wa wachimbaji, na huko ndiko alikoanza mashindano ya baiskeli akiwa bado kijana mdogo.

Akiwa na miaka 19 tu alirudi na medali ya shaba kutoka Olimpiki ya Melbourne ya 1956. Mwaka 1958 akapata fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff. Mwaka uliofuata alihamia Ufaransa, kwenye mbio za kulipwa, nchi ambayo hakuwa na ndugu.

Huko akang'ara. Mwaka 1961 alishinda mbio kubwa za Flanders nchini Ubelgiji. Mwaka 1962 akawa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya njano, ile anayovaa anayeongoza Tour de France, na akamaliza wa sita. Mwaka 1964 akashinda Milan hadi San Remo nchini Italia. Alikuwa mcheshi, aliyependwa na waandishi wa habari, na alikuwa na mke na mabinti wawili wadogo.

Alivyozuiwa akashinda

Kuna mwaka mmoja katika maisha yake ambao kila mzazi anapaswa kuujua, nao ni 1965. Katika Tour de France ya mwaka huo, Simpson aliumia mkono na kidonda kikapata maambukizi. Aliendelea kupanda baiskeli akiwa anaumwa mpaka madaktari wa mbio wakamkataza kuendelea. Alifanyiwa upasuaji wa mkono, na akatibiwa pia maambukizi kwenye damu, mapafu na figo.

Kwa macho ya shabiki, alishindwa. Lakini Septemba mwaka huo huo, mjini San Sebastián nchini Hispania, alishinda ubingwa wa dunia. Waingereza walimchagua mwanamichezo wao bora wa mwaka. Kuzuiwa na daktari mwezi Julai ndiko kulikompa nafasi ya kuwa bingwa mwezi Septemba. Bahati mbaya, miaka miwili baadaye hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Julai 1967

Mwaka 1966 ulimwendea vibaya. Alivunjika mguu akiteleza kwenye theluji, akapoteza miezi ya mazoezi na mapato. Hivyo alipoingia Tour de France ya 1967, akiongoza timu ya Uingereza, alikuwa na miaka 29 na alihisi muda unamkimbia. Malipo ya mwendesha baiskeli wakati ule yalitegemea sana nafasi atakayomaliza nayo.

Wakiwa kwenye milima ya Alps, tumbo likamshika. Aliharisha, akashindwa kula vizuri, na kila siku alidhoofika zaidi. Wenzake katika timu walimwona na wapo waliomshauri ajitoe. Upande wa pili, meneja aliyeshughulikia mikataba yake alimsukuma atafute matokeo. Bado alikuwa nafasi ya saba, akaamua kuendelea.

Julai 13, mbio zilitoka Marseille kwenda Carpentras, zikipitia Mont Ventoux, mlima wenye urefu wa mita 1,900 hivi. Sehemu ya juu ya mlima huo haina miti. Ni mawe meupe matupu yanayorudisha joto la jua usoni mwa anayepita. Siku hiyo joto lilizidi nyuzi 40.

Kanuni za wakati huo zilimpa kila mwendeshaji chupa nne tu za maji: mbili za kuanzia na mbili za njiani. Wengi waliamini kwamba kunywa maji mengi kunaleta uzito na udhaifu. Kwa hiyo waendeshaji walizoea kuvamia migahawa ya vijijini na kuchukua chochote kilichopo. Chini ya Ventoux, Simpson alikunywa konyaki, pombe kali. Na mfukoni alikuwa na vidonge vya amfetamini, dawa ya kusisimua mwili ambayo wanamichezo wengi wa enzi hizo walikuwa wakiitumia.

Ikiwa imebaki takriban kilomita moja kufika kileleni, alianza kuyumba barabarani kutoka upande huu hadi ule, kisha akaanguka. Fundi wa timu alitaka mambo yaishie hapo. Simpson alitaka kuendelea, akasaidiwa kurudi juu ya baiskeli. Alikwenda mita mia chache, akayumba tena, na safari hii alipoanguka hakuwa na fahamu. Mikono yake ilikuwa imekaza kwenye usukani hata ikabidi ibanduliwe.

Daktari wa mbio, Pierre Dumas, alijaribu kumwokoa palepale juu ya mawe. Helikopta ilimpeleka hospitali ya Avignon, na huko ikatangazwa saa 11:40 jioni kwamba amefariki. Uchunguzi ulikuta amfetamini na pombe mwilini. Moyo wake ulishindwa kwa sababu ya joto, upungufu wa maji na kazi nzito, huku vidonge vikiwa vimemficha hali yake mwenyewe.

Mwili ulivyozidiwa

Misuli inayofanya kazi hutengeneza joto jingi. Mwili hulitoa kwa njia kuu mbili: damu hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, na jasho hukauka juu ya ngozi likiondoka na joto. Njia zote mbili zinahitaji maji. Maji yakipungua, damu hupungua, moyo hupiga mbio zaidi kwa kazi ile ile, na joto la ndani hupanda.

Sasa tazama mzigo wa Simpson. Kuharisha kulishammaliza maji na chumvi kabla hata jua halijachomoza. Pombe iliongeza mkojo na kuvuruga akili. Amfetamini iliongeza joto la mwili, ikabana mishipa ya ngozi, na baya zaidi, ikanyamazisha uchovu. Uchovu ni kengele ya hatari, naye alikuwa ameizima kabla hajaanza kupanda mlima.

Ndiyo maana mchezaji wa tenisi anayejitoa katikati ya mechi hastahili kugunwa. Tangu 2019, waandaaji wa michuano ya Australia hutumia kipimo cha ngazi 1 hadi 5 kinachojumlisha joto la hewa, ukali wa jua, unyevunyevu na upepo. Ngazi ya 4 wachezaji hupewa mapumziko ya ziada, na ya 5 michezo ya uwanja wa wazi husimamishwa. Unyevunyevu umo kwenye kipimo kwa sababu hewa ikiwa nzito kwa mvuke, kama wakazi wa mwambao wanavyoijua, jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Wewe mzazi, tazama haya

Mtoto anayecheza juani akianza kulalamika kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza au udhaifu, mtoe uwanjani mara moja. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpepee, mmwagie maji na mpe maji anywe kidogo kidogo. Wengi hupata nafuu ndani ya nusu saa. Asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa.

Akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kutapika mfululizo, kupata degedege au kupoteza fahamu, hiyo ni hali ya hatari inayoitwa kiharusi cha joto. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini, kwani mwanamichezo anaweza kuwa bado anatoka jasho. Ita msaada wa hospitali, na wakati unasubiri mpoze kwa nguvu zote: mtumbukize mwili kwenye beseni au pipa la maji baridi huku ukishika kichwa kikae juu ya maji. Ikishindikana, mmwagie maji mfululizo na kumpepea, ukiweka barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena. Kila dakika ina thamani. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu chochote. Vidonge vya kushusha homa havisaidii hapa, kwa sababu hii si homa ya ugonjwa. Baada ya hapo hospitali ni lazima, ambako pia atapimwa malaria na magonjwa mengine yanayofanana.

Mtoto aliyeharisha, kutapika au kuwa na homa asishiriki mashindano hata kama ni fainali. Kwanza arudishiwe maji, ikiwemo maji ya ORS, ale, apumzike. Mwenye selimundu anahitaji uangalizi wa pekee, kwani kukaukiwa maji na joto vinaweza kumletea maumivu makali. Na anayetoka eneo la baridi kwenda kucheza kwenye joto aongeze mazoezi taratibu kwa siku 10 hadi 14, ndipo mwili uzoee.

Kwa mgonjwa anayetumia dawa, zungumza na daktari wako kabla ya mazoezi mazito juani. Dawa za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za mafua na mzio, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaweza kupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Usiziache kwa hiari yako, uliza tu. Vinywaji vya kuongeza nguvu visichukue nafasi ya maji, na pombe isikaribie uwanja.

Kilichobaki Ventoux

Siku iliyofuata wenzake walimwachia mwana timu wa Uingereza, Barry Hoban, amalize wa kwanza kwa heshima ya marehemu. Mwaka 1968 Tour de France ilianza kupima dawa za kusisimua kila siku ya mbio. Karibu na kilele cha Ventoux limejengwa jiwe la kumbukumbu, na waendeshaji wanaopita huacha hapo kofia na chupa za maji.

Simpson hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alikuwa baba kijana mwenye kipaji aliyeamini kwamba mwanamume hajitoi, na akazungukwa na watu waliohitaji aendelee. Imani hiyo bado ipo katika viwanja vyetu, kwa makocha wanaonyima watoto maji kama adhabu na wazazi wanaofoka pembeni mtoto anapoomba kutoka. Wiki hii, kabla mwanao hajakwenda mazoezini, mwambie jambo moja kwa sauti: akijisikia vibaya aseme, na akisema hatachekwa nyumbani.