Harry Ferguson, mtu aliyeunganisha plau na trakta

Jina Ferguson limesomwa na watu wengi ambao hawajawahi kuuliza lilikuwa la nani. Limeandikwa kwenye trakta nyekundu zilizolima mashamba katika nchi nyingi za Afrika, nyuma ya jina lingine, Massey. Massey ilikuwa kampuni ya Kanada. Ferguson alikuwa mtu: mwana wa mkulima wa Ireland, mwembamba, mwenye miwani, na ambaye kazi ya kulima ilimchosha tangu utoto.

Si yeye aliyeunda trakta ya kwanza. Marekani, John Froelich wa jimbo la Iowa alikuwa ametengeneza mashine ya motere ya esansi yenye kwenda mbele na kurudi nyuma tangu mwaka wa 1892. Uingereza, fundi wa baiskeli Dan Albone alitoa yake, iliyoitwa Ivel, mwaka wa 1902. Ferguson alikuta trakta zipo tayari. Kazi yake yote ilikuwa kwenye ile nafasi ndogo kati ya trakta na plau, yaani jembe la chuma la kuvutwa. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, lakini watu walikuwa wanakufa pale.

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 katika kijiji cha Growell, karibu na Dromore, kaskazini ya Ireland. Nyumba ilikuwa na watoto kumi na mmoja, na baba alikuwa mtu wa dini kali sana, aliyeshika kila neno. Harry alikataa dini ile na akakataa pia shamba. Aliacha masomo akiwa na miaka kumi na minne, akafanya kazi ya shamba bila furaha, hata akafikiri kwenda Kanada kutafuta maisha. Kilichomzuia ni ndugu yake mkubwa, Joe, aliyekuwa na garaji ya kutengeneza baiskeli na magari mjini Belfast. Mwaka wa 1902 Joe alimuita, na pale kijana akapata kazi aliyoipenda.

Alikuwa na masikio ya motere. Akaanza kukimbiza pikipiki kwenye mashindano. Kisha, mwaka wa 1909, alienda kuangalia ndege zikiruka Ufaransa na Uingereza, akarudi na vipimo kichwani, akajenga yake mwenyewe. Tarehe 31 Desemba 1909, upepo ukiwa mkali, aliruka nayo karibu mita 120 pale Hillsborough. Ndivyo alivyokuwa mtu wa kwanza kuruka na ndege katika Ireland. Mwaka uliofuata akaruka tena kando ya bahari, Newcastle, karibu kilometa tano, akachukua zawadi ya paundi 100.

Lakini ndege hazikulipa deni, na Joe hakufurahia. Ndugu wakaachana kikazi. Mwaka wa 1911 Harry akafungua biashara yake mwenyewe ya magari. Vita ya 1914 ilipoanza akawa anauza pia trakta kutoka Marekani zilizoitwa Overtime, mashine nzito zenye kupita tani mbili. Fundi wake alikuwa Willie Sands, mtu mwenye mikono ya ajabu, na ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya kile kilichokuja kubeba jina la Ferguson kilipita kwanza kwenye mikono ya Sands.

Mwaka wa 1917 nchi ilikuwa na njaa karibu. Meli za vyakula zilikuwa zinazamishwa baharini, farasi na vijana walikuwa wamepelekwa vitani. Serikali ikamuomba Ferguson azunguke Ireland kuangalia namna trakta zinavyotumika na kuwafundisha wakulima. Akaenda na Sands, shamba kwa shamba.

Walichoona kiliwashangaza. Mashine ilikuwa mpya lakini plau ilikuwa ileile ya farasi, imefungwa nyuma na mnyororo. Ilihitaji mtu wa pili wa kuisimamia. Ili magurudumu yasiteleze, trakta ilipaswa kuwa nzito, na kwa kuwa ilikuwa nzito ilikandamiza udongo uleule iliokuja kuulainisha.

Na kulikuwa na ubaya zaidi. Plau ikigonga jiwe au mzizi mkubwa chini ya udongo, inasimama palepale. Motere haisimami. Magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, na kwa kuwa hayawezi kwenda mbele, trakta yenyewe inazunguka: pua inapanda juu, na kufumba na kufumbua inaanguka kinyumenyume juu ya shofere. Trakta ya Henry Ford, Fordson, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka huohuo wa 1917 na kuuzwa kwa bei nafuu kila mahali, ilipata jina baya juu ya jambo hili. Wakulima wengi walibanwa chini ya usukani wakafa.

Ferguson aliona kwamba kosa haliko kwenye motere wala kwenye uzito. Kosa ni kamba. Wamama wa milimani kwetu wanalijua bila kufundishwa: mzigo wa kuburuta kwa kamba ardhini unakushinda, lakini mzigo uleule ukiwa mgongoni, umekazwa na kamba ya paji la uso, unakuwa sehemu ya mwili wako na uzito wake unakusaidia kushika njia. Plau, alifikiri, isiburutwe. Ibebwe.

Kusema ni rahisi. Ilimchukua miaka karibu kumi na nane. Plau yake ya kwanza ilitoka mwisho wa 1917, lakini ilikuwa ya kufungwa kwenye gari la Ford lililogeuzwa kuwa trakta, na Fordson ilipofika nani angetaka tena gari la kugeuza? Akaanza upya, safari hii kwa ajili ya Fordson. Mwaka wa 1920 alivuka bahari na kumuonyesha Henry Ford plau yake huko Dearborn. Ford aliipenda, akamtaka Ferguson aje kumfanyia kazi. Ferguson akakataa. Ford akataka kununua uvumbuzi wenyewe. Akakataa tena, akarudi nyumbani na mikono mitupu.

Kuanzia 1925 alipata washirika Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Sherman, wakatengeneza plau zake katika mji wa Evansville. Mwaka wa 1928 Ford aliacha kutengeneza Fordson Marekani, na biashara ile ya plau ikafa pamoja nayo. Mtu mwingine angerudi kuuza magari. Yeye aliamua kwamba kutegemea trakta ya mwingine ni kujenga kwenye kiwanja cha jirani.

Wakati huo lakini alikuwa amepata kitu. Hati ya kulinda uvumbuzi aliyoipata mwaka wa 1926 ilieleza mpango ambao, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ukawa mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu katikati. Mikono ya chini ndiyo inayovuta. Plau inapoingia udongoni, udongo unaikataza, na ile plau inataka kujipindua mbele. Kwa kujipindua inausukuma mkono wa juu kuelekea trakta, na msukumo ule unakandamiza pua ya trakta chini. Kwa hiyo kile kilichokuwa kinapindua trakta sasa kinaishikilia. Plau ikigonga jiwe, magurudumu yanateleza palepale, na shofere anashuka kuangalia jiwe.

Mkono wa juu ulifanya kazi nyingine tena. Uliunganishwa na pompu ya mafuta. Udongo ukiwa mgumu, mkono unasukumwa zaidi, pompu inainua plau kidogo. Udongo ukilegea, inaishusha. Shofere mmoja, bila msaidizi, anainua na kushusha plau na vidole viwili tu. Na kwa kuwa uzito wa plau na wa udongo sasa uliegemea magurudumu ya nyuma, trakta haikuhitaji tena kuwa mlima wa chuma.

Mwaka wa 1933 akakamilisha trakta yake ya kwanza, moja tu, aliyoipaka rangi nyeusi. Mwaka wa 1936 ikaanza kuuzwa ile iliyotengenezwa pamoja na David Brown, mwenye kiwanda huko Huddersfield, Uingereza. Ilikuwa chini ya tani moja. Bei yake ilikuwa paundi 224, na plau ya kununua kando. Mkulima akiangalia Fordson, iliyokuwa nafuu zaidi na iliyokubali plau aliyokuwa nayo tayari nyumbani, alisita. Zilitoka karibu 1,350 tu, na Brown na Ferguson wakaanza kugombana. Brown alitaka kubadilisha mashine. Ferguson hakutaka igusike.

Ndivyo alivyokuwa. Watu waliomfanyia kazi walimuogopa kwa usafi na utaratibu wake. Karibu kila buloni ya trakta yake ilifunguliwa na kle moja, na kle ileile ilikuwa na alama za kupimia mfuo. Trakta zake za baadaye zote zilipakwa kijivu, kwa kuwa kwake rangi ya kupendeza haikuwa na kazi shambani. Aliamini, na alilisema mahali pote hata watu wakachoka, kwamba vita na umaskini vinatoka kwenye bei ya chakula, na kwamba mashine ndogo, rahisi, ya mkulima mdogo ingeshusha bei hiyo duniani kote. Hapo alipita kiasi. Lakini kwa kuwa aliiamini hivyo, aliendelea pale ambapo wengine wangeacha.

Mwezi wa Oktoba 1938 alipeleka trakta yake kwa Henry Ford kwa mara nyingine. Shambani kwa Ford ililimishwa pamoja na trakta zingine mbili, na ile ndogo ikawashinda wakubwa. Wakaleta meza nje, Ferguson akaonyesha mpango wake na kifano kidogo kama cha kuchezea watoto. Wazee hawa walifanana: wote wana wa wakulima, wote walichukia kazi ya shamba walipokuwa vijana, na baba ya Ford alitoka Ireland. Wakapatana palepale: Ford atengeneze, Ferguson auze na asimamie mpango wa mashine. Wakashikana mikono. Hakuna kontra iliyoandikwa, wala shahidi wa kutosha.

Trakta ya Ford na Ferguson ilionyeshwa mwezi wa Juni 1939, na mtoto wa miaka minane akakalishwa juu yake akalima mbele ya wageni. Kwa miaka minane zikatengenezwa zaidi ya 300,000. Neno la wazee wawili lilitosha.

Liliendelea kutosha mpaka mmoja alipodhoofika. Mwaka wa 1945 mjukuu wa Ford, Henry Ford wa pili, alichukua kampuni, akakuta hesabu za trakta zinaleta hasara. Mwisho wa 1946 akatangaza kwamba mapatano yatakwisha katikati ya 1947. Mzee Ford alikufa mwezi wa Aprili mwaka huo. Miezi michache baadaye kampuni ikatoa trakta yake mpya, bila Ferguson, lakini na mikono mitatu ya Ferguson nyuma.

Ferguson akapeleka kesi tribinali Marekani mwezi wa Januari 1948, akidai dola milioni 251. Kesi ile ilikula miaka zaidi ya minne na karatasi zisizohesabika, na mbele ya avoka wengi hakuwa na hata karatasi moja yenye sahihi ya mzee Ford. Mwezi wa Aprili 1952 wakamaliza kwa dola milioni 9.25, nyingi zikiwa malipo ya kutumia uvumbuzi wake. Wengine waliita ule ushindi. Ukihesabu soko alilopoteza, ni ngumu kukubali.

Lakini hakuwa amekaa kungojea. Tangu 1946, huko Coventry, Uingereza, trakta yake ya kijivu, TE20, ilikuwa inatoka kiwandani, na mpaka 1956 zilifika zaidi ya nusu milioni. Tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary, yule aliyepanda mlima Everest, alifika ncha ya kusini ya dunia na trakta hizi, zilizofungwa minyororo juu ya barafu.

Mwaka wa 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada. Wakati wa kupatana, pande mbili zilitofautiana kwa dola milioni moja. Ferguson akasema warushe sarafu. Wakarusha, akashindwa, akakubali bila kununa. Mwaka mmoja baadaye aliacha uongozi, maana hakuna aliyeweza kuongoza pamoja naye. Kampuni ikaitwa Massey Ferguson mwaka wa 1958, na rangi ikawa nyekundu ya Massey.

Yeye alirudi kwenye magari, akitafuta njia ya magurudumu yote manne kuvuta pamoja ili watu wasife barabarani kwa utelezi. Viwanda vikubwa havikuitaka. Usingizi ulikuwa umemkimbia, alikuwa anameza dawa, na mara nyingi alikuwa na huzuni. Tarehe 25 Oktoba 1960 alikutwa amekufa nyumbani kwake, Uingereza, dawa zikiwa nyingi mwilini. Wachunguzi hawakuweza kuamua kama alikusudia au alikosea kipimo.

Mwezi wa Septemba 1961, pale Oulton Park, Uingereza, Stirling Moss aliendesha gari la mashindano la Ferguson, lenye kuvuta na magurudumu manne. Barabara ilikuwa imelowa kwa mvua, magari ya wengine yaliteleza, na lile lilifika la kwanza.