Parkinson, Tabibu Aliyetazama Wapita Njia

Mzee akianza kutetemeka mkono, kule Kibera na Kawangware kama huku kwetu Pwani, wengi husema karogwa. Ndiyo maana leo nawasimulia habari za James Parkinson.

Alizaliwa 1755 Hoxton, London, mtoto wa tabibu, naye akatibu watu mtaani humo miaka mingi. Aliandika pia akitaka maskini wawe na sauti Bungeni. Mwaka 1817 alitoa kijitabu kuhusu watu sita: mkono hutetemeka ukiwa umetulia, mgongo huinama, hatua huwa fupi za haraka. Baadhi yao aliwaona njiani tu, akawatazama kwa makini. Alifariki 1824 bila kujua chanzo. Baadaye Mfaransa Charcot akauita ugonjwa kwa jina lake.

Leo twajua kwamba hufa seli za ubongo zitengenezazo dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza viungo. Dawa zipo, haziponyi, ila humrahisishia mgonjwa kutembea na kushika kikombe chake.

Basi ndugu zangu, mzee wako akitetemeka, usimtafutie mchawi. Mtazame vizuri, kisha mpeleke kwa daktari.