J.R.R. Tolkien: Yatima wa Bloemfontein aliyeteka kura za wasomaji

MNAMO mwaka wa 2003, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliwaalika wananchi wa nchi hiyo wapige kura kuchagua riwaya waipendayo kuliko zote. Kura zilipohesabiwa mwezi Desemba, iliyoibuka kidedea haikuwa ya Charles Dickens wala ya Jane Austen. Ilikuwa The Lord of the Rings, kisa kirefu cha pete yenye nguvu za uovu, kilichobuniwa na profesa aliyekuwa amefariki miaka 30 awali.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mnamo 1997, maduka ya vitabu ya Waterstone's na kituo cha televisheni cha Channel 4 waliwauliza wasomaji kitabu bora cha karne ya 20 ni kipi. Wasomaji wapatao 26,000 walijibu, na zaidi ya 5,000 kati yao wakakitaja kitabu hichohicho.

Matokeo hayo yaliwachoma baadhi ya wahakiki. Kuna walioshuku kwamba mashabiki walikuwa wamejipanga kujaza masanduku ya kura. Wengine walisikitika kuona watu wazima wakipendelea ngano za majitu na mazimwi kuliko fasihi waliyoiona kuwa nzito. Hata hivyo, kura nyingine iliyopigwa na wanachama wa Folio Society ilitoa jibu lilelile, na minong'ono ya udanganyifu ikakosa mashiko.

Je, ni nani huyu aliyewagawanya wasomi na wasomaji kiasi hicho?

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa barani Afrika. Ilikuwa Januari 3, 1892, mjini Bloemfontein, katika jamhuri ya Orange Free State ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini. Babake, Arthur, alikuwa meneja wa benki. Ronald alipokuwa anajifunza kutembea, aliumwa na buibui mkubwa katika bustani ya nyumba yao, na yaya wake akaifyonza sumu upesi. Mashabiki wamekihusisha kisa hicho na buibui wa kutisha katika vitabu vyake, ingawa mwenyewe alishikilia kwamba hakuwa na chuki yoyote na wadudu hao.

Mnamo 1895, mamake, Mabel, aliwachukua Ronald na mdogo wake Hilary kwenda Uingereza kwa likizo, kwa kuwa joto la Bloemfontein lilikuwa likimdhoofisha kifungua mimba huyo. Baba alibaki kazini akitarajia kuwafuata. Hakuwafuata. Aliugua homa, na mnamo Februari 1896 akaaga dunia. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka minne tu.

Mjane huyo alipanga nyumba katika kijiji cha Sarehole, karibu na jiji la Birmingham. Huko kulikuwa na kinu cha kusagia nafaka, kijito na miti ambayo Ronald aliipenda kwa maisha yake yote. Mama ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Alimfunza Kilatini, mimea na uchoraji, na akampandia ile mbegu ya mapenzi ya lugha iliyokuja kuzaa matunda baadaye.

Mnamo 1900, Mabel alijiunga na Kanisa Katoliki. Jamaa zake walighadhabika, na msaada wa fedha aliokuwa akiupata ukakatwa. Miaka minne baadaye alifariki kutokana na ugonjwa wa kisukari, wakati ambapo insulini ilikuwa bado haijagunduliwa. Tolkien, akiwa yatima wa miaka 12, aliamini hadi uzeeni kwamba mamake aliteseka kwa ajili ya imani yake. Yeye na nduguye walilelewa chini ya uangalizi wa kasisi, Padri Francis Morgan.

Akiwa na umri wa miaka 16 alikutana na Edith Bratt, yatima mwenzake aliyemzidi kwa miaka mitatu. Padri Francis alipogundua mapenzi hayo alimpiga marufuku kuwasiliana na msichana huyo hadi atimize miaka 21. Kijana alitii. Alipotimiza umri huo, Januari 3, 1913, alimwandikia barua siku hiyohiyo. Edith alikuwa tayari amechumbiwa na mwanamume mwingine. Aliuvunja uchumba huo, na wakaoana Machi 1916.

Furaha yao haikudumu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, na miezi michache baada ya harusi Luteni Tolkien alipelekwa Ufaransa, kwenye mapigano ya Somme.

Alipokuwa shuleni huko Birmingham, Tolkien aliunda kikundi cha marafiki waliopenda ushairi na waliokuwa na ndoto ya kuibadilisha dunia kwa kalamu zao. Wanne ndio waliokuwa kiini chake. Rob Gilson aliuawa Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme. Geoffrey Smith alifariki Desemba mwaka huohuo kutokana na majeraha. Tolkien aliokolewa na maradhi: homa ya mahandaki, iliyoenezwa na chawa, ilimrudisha nyumbani Novemba. Kati ya wale wanne walibaki wawili, yeye na Christopher Wiseman.

Ni katika kipindi hicho cha kuugua na kuomboleza ndipo alipoanza kuziandika ngano za ulimwengu aliouunda mwenyewe, wenye historia, ramani na hata lugha zake. Wakati mmoja mnamo 1917, Edith alimchezea ngoma katika kichaka chenye maua meupe karibu na kijiji cha Roos. Tukio hilo lilizaa kisa cha Beren, binadamu wa kawaida, na Lúthien, binti mfalme wa jamii isiyozeeka, aliyekubali kufa kama binadamu kwa sababu ya mapenzi.

Vita vilipokwisha, Tolkien alifanya kazi katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, akichunguza asili ya maneno yaanzayo kwa herufi W. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Leeds, na mnamo 1925 akawa profesa huko Oxford, ambako alifundisha Kiingereza cha kale hadi alipostaafu mwaka wa 1959.

Siku moja akisahihisha mitihani alikuta karatasi ambayo mtahiniwa aliiacha tupu. Juu yake aliandika sentensi kuhusu kiumbe aishiye shimoni aitwaye hobbit, bila kujua maana ya neno hilo. Sentensi hiyo ilikua ikawa kitabu alichowasomea watoto wake. Mswada ulipomfikia mchapishaji Stanley Unwin, mzee huyo alimpa mwanawe wa miaka 10, Rayner, ausome na kutoa maoni kwa malipo ya shilingi moja. Mtoto aliusifu. The Hobbit kikachapishwa Septemba 1937, na waweza kusema kwamba kura ya kwanza ya Tolkien ilipigwa na mtoto.

Mchapishaji aliomba kitabu cha pili. Kilichukua zaidi ya miaka kumi kuandikwa. The Lord of the Rings kilitoka kwa majuzuu matatu, kati ya 1954 na 1955. Kampuni ilitarajia hasara ya hadi pauni 1,000, na kwa hivyo mwandishi alipewa mkataba wa kugawana faida ikiwa ingepatikana. Ilipatikana tele.

Mnamo 1965, kampuni moja ya Marekani ilichapisha kitabu hicho kwa bei rahisi bila idhini ya mwandishi. Mashabiki walipokuja juu, kampuni hiyo ilisalimu amri na kumlipa. Kelele hizo zilikifanya kitabu kivume zaidi. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walivaa beji za kumpigia debe Gandalf, yule mzee mwenye fimbo na nguvu za kimiujiza, awe rais wa nchi yao. Wengine waliandika kwenye kuta kwamba Frodo, mbeba pete, angali hai. Kuna waliompigia simu profesa usiku wa manane, wakisahau kwamba saa za Marekani na za Uingereza hazilingani.

Lakini mjadala mkali zaidi ulihusu nani hasa aliyekuwa shujaa wa kisa hicho. Wapo waliomtaja Aragorn, mfalme aliyekirejesha kiti cha mababu zake. Wapo waliomtaja Frodo, na wapo waliomlaani. Frodo alitumwa kuitupa pete katika moto wa mlima, lakini alipofika ukingoni nia yake ilishindwa akaidai iwe yake. Iliangamia kwa sababu kiumbe dhalili Gollum, ambaye Frodo na wenzake walikuwa wamemhurumia na kumwacha hai, aliipokonya akaanguka nayo. Msomaji mmoja aliandika kwa hasira kwamba Frodo alistahili kunyongwa kwa uhaini badala ya kutunukiwa heshima.

Tolkien alijibu barua za namna hiyo kwa subira. Alieleza kwamba kuna mizigo inayoyapita maumbile ya mtu yeyote, na kwamba aliyetoa nguvu zake zote hadi zikaisha hana hatia anapoanguka. Ushindi ulitokana na huruma, si ubabe. Hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyewaona vijana wakivunjika mahandakini bila kosa lao.

Yeye mwenyewe alimwenzi sana Sam, mtunza bustani aliyemfuata Frodo na kumbeba mgongoni miguu ya bwana wake ilipokataa kwenda. Alisema kwamba Sam aliakisi wanajeshi wa vyeo vya chini aliowajua vitani, watu wa kawaida aliowaona kuwa bora kumliko. Mnamo 1956 alipata barua kutoka kwa mkazi wa London mwenye jina kamili la mhusika huyo. Badala ya kukereka, alimtumia majuzuu yote matatu yakiwa na sahihi yake.

Edith alifariki Novemba 1971. Mwaka uliofuata Malkia Elizabeth wa Pili alimtunuku Tolkien nishani. Aliaga dunia Septemba 2, 1973, akiwa na umri wa miaka 81. Mwanawe Christopher alizikusanya ngano zilizosalia na kuzichapisha, kuanzia The Silmarillion mwaka wa 1977. Filamu ya tatu ya kisa cha pete ilitwaa tuzo 11 za Oscar mnamo 2004.

Waliozibeza kura za 1997 na 2003 waliona ndani ya kitabu hicho mazimwi peke yake. Wasomaji waliona humo yatima, wafiwa na watu wadogo waliobebeshwa makubwa, na wengi wao walijiona wenyewe. Mgala muue na haki mpe: mtu hawezi kuwalaumu kwa kumpigia kura aliyeyajua maisha yao.

Tolkien naye alikwisha kuwachagua wake. Katika makaburi ya Wolvercote, Oxford, yeye na mkewe wamelala katika kaburi moja. Chini ya jina la Edith pamechongwa Lúthien, na chini ya lake pamechongwa Beren.