Meza za Mizimu na Mcha Mungu Aliyezipima

Wapo wanaodhani kwamba mashine ikiingia mlangoni, ushirikina hutorokea dirishani. Ni dhana ya kuvutia, lakini historia haiiungi mkono. Aghalabu chombo kipya huwaongezea watu hamu ya kuamini lolote, maadam wamekwisha kuona kwa macho yao jambo ambalo jana lilikuwa muhali. Anayetaka kulielewa hili vyema na ayatazame maisha ya Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza aliyemcha Mungu hadi kufa kwake, na ambaye hata hivyo hakukubali kila kilichodaiwa kutoka ahera.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 kusini mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu na kipato haba, na mtoto hakupata elimu ila kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo. Akiwa na umri wa miaka 14 alitiwa uanagenzi kwa fundi wa kujalidi vitabu. Kwa miaka saba mikono yake ilishona majalada huku macho yakisoma yaliyomo ndani. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kuhudhuria mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika Royal Institution. Kijana aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy kitabu hicho. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, na katika taasisi hiyo akafanya kazi kwa takriban nusu karne.

Imani aliirithi nyumbani. Wazazi wake walikuwa wa dhehebu dogo la Wasandemani, lililochipuka Uskoti, ambalo waumini wake waliishika Biblia neno kwa neno, wakaoshana miguu na kula pamoja, na kuona kurundika mali kuwa kinyume cha Maandiko. Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, binti wa dhehebu hilohilo, na mwaka huohuo akakiri imani yake mbele ya kanisa. Mwaka 1840 akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mwaka 1844 wenzake walimtenga kwa muda mfupi; alivumilia, akarudi, na mwaka 1860 akawa mzee tena. Kazi za ushauri ambazo zingemtajirisha aliziacha, na urais wa Royal Society alipopewa aliukataa.

Mtu huyohuyo ndiye aliyetupa umeme tunaoutumia. Tarehe 29 Agosti 1831 alitambua kwamba sumaku inaweza kuzaa mkondo wa umeme katika waya, na baadaye mwaka huo akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku na kupata mkondo usiokatika. Majenereta yanayozungushwa na maji ya Mto Tana na mvuke wa Olkaria yanafuata kanuni hiyohiyo.

Katika uhai wake simu ya maandishi ilienea upesi. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore, na mwaka 1851 waya ukalazwa chini ya bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Mtu asiyeonekana, aliye mbali, sasa aliweza kubisha herufi kwa waya na kueleweka papo hapo. Basi yalipotokea madai kwamba wafu nao wanabisha, wengi hawakuona ajabu kubwa. Mwaka 1848, huko Hydesville katika jimbo la New York, mabinti wawili wa familia ya Fox walisema kwamba mzimu unazungumza nao kwa kugonga. Habari zilienea kama moto wa nyika. Mwaka 1852 waumini wa mambo hayo walianzisha gazeti jijini New York, wakaliita Spiritual Telegraph, yaani simu ya kiroho. Chombo kipya kilikuwa kimeipa imani mpya jina na heshima.

Mwaka 1853 wimbi hilo lilifika Uingereza kwa kishindo. Watu wenye elimu na vyeo walikaa kuzunguka meza, wakaweka viganja juu yake, na meza ikaanza kuzunguka. Baadhi walisema ni roho za wafu, baadhi ya makasisi wakasema ni shetani, na wengine wakasema ni umeme au sumaku. Watu walimwandikia Faraday, kwa kuwa umeme na sumaku vilikuwa shamba lake.

Hakuwakejeli. Aliwatafuta watu aliowajua kuwa waaminifu, ambao meza huwazungukia, akaweka kati ya viganja vyao na meza tabaka za kadi zilizoshikanishwa kwa gundi laini. Hesabu yake ilikuwa sahili: meza ikitangulia kusogea, kadi za chini zitaziacha za juu nyuma, mikono ikitangulia, za juu zitatangulia. Za juu ndizo zilizotangulia. Kisha akatengeneza vibao viwili vyenye vijiti vya kioo katikati, akavifunga kwa mpira, na kuvitia mshale mwepesi ulioonyesha msukumo wowote wa mkono. Mshale ulipofichwa, meza ilisukumwa. Wakaao mezani walipouona mshale kwa macho yao, nguvu yote ya ajabu ilitoweka. Matokeo hayo aliyachapisha katika gazeti la The Times mwishoni mwa Juni 1853.

Msomaji, zingatia kwamba Faraday hakugundua wadanganyifu pale. Aligundua watu wakweli ambao mikono yao iliwasaliti bila wao kujua. Walisukuma kwa kuwa walitamani, kisha wakaustaajabia msukumo wao wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Je, walishukuru? Wengi walimkebehi, na vikao viliendelea kuongezeka. Hali hiyo ilimsikitisha mno, hata mwaka 1854 akatoa mhadhara, mbele ya mume wa Malkia Victoria, kuhusu haja ya watu kuzifunza akili zao kupima mambo na kuzishuku tamaa zao. Mwaka 1888 mmoja wa mabinti wale wa Fox, Margaret, alikiri hadharani kwamba milio ile ilitoka katika viungo vya vidole vyake vya miguu. Mwaka uliofuata aliufuta ungamo wake, na waumini wakaendelea kuamini.

Hapa mwenye shaka atauliza: mbona Faraday hakuipima na imani yake mwenyewe? Swali hilo ni halali, na yeye hakulikwepa. Katika mhadhara ule alitangulia kusema kwamba imani ya dini ameiweka kando, haipimwi kwa mizani ya mambo ya kawaida. Wapo walioliona hilo kuwa udhaifu. Kwa maoni yangu, mstari alioupiga una maana kubwa. Kuomba rehema za Mungu hakusogezi ubao, hivyo maabara haina la kusema. Lakini anayedai kwamba roho imesogeza ubao ametoka kanisani na kuingia karakana; na aliyeingia karakana asikatae rula.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Leo umeme aliotufunulia unawasha runinga na simu za mkononi, na kupitia hizo tunaonyeshwa vilema wanaorusha magongo, na kuhimizwa kutuma sadaka ili baraka zishuke. Mgonjwa wa kisukari anaambiwa amepona, aache dawa. Huo si wito wa imani pekee. Ni dai kuhusu damu, na damu hupimwa. Ndugu zake wanaonyamaza kwa kuogopa kukufuru wangefaa kumkumbuka mzee huyu wa kanisa, ambaye kuuliza hakukumpunguzia ibada hata chembe. Swali lake lilikuwa moja tu, nalo linatosha kuulizwa kabla ya kidonge kutupwa: ni meza iliyotangulia kusogea, au ni mkono?